Kazi za Likizo kwa Watoto wa Gatina: Sayansi Isiyohitaji Fedha

Shule zinapofungwa furaha ya watoto huwa kubwa, lakini wazazi wengi huingiwa na wasiwasi. Jambo hili linajulikana sana katika mtaa wa Gatina, ulio upande wa Kawangware, magharibi ya jiji la Nairobi. Huko nyumba nyingi ni za mabati, vichochoro ni vyembamba, na jamaa wengi hukaa katika chumba kimoja. Baba na mama hutoka mapema kwenda kutafuta riziki, na mtoto hubaki mchana kutwa bila kazi na bila uwanja wa kuchezea. Mtoto asiye na kazi hujitafutia ya kufanya, na mara nyingi huyapata mahali pasipofaa.

Nchini Kenya likizo za shule ni tatu kwa mwaka: ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Mwaka 2020 palikuwa na likizo isiyotakiwa na mtu. Kwa ajili ya ugonjwa wa korona shule zilifungwa katikati ya Machi, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Katika miezi ile wazazi walijionea jinsi mtoto anavyoweza kusahau mengi aliyofundishwa. Lakini ilionekana pia kwamba mtoto aliye na shauku haachi kujifunza hata mlango wa shule ukifungwa.

Mfano mmoja ni Stephen Wamukota wa kijiji cha Mukwa, Bungoma, aliyekuwa na umri wa miaka 9. Aliunda kwa mbao chombo cha kunawia mikono ambacho hukanyagwa kwa mguu ili kutoa maji na sabuni, asije mtu akagusa mahali palipoguswa na mwenziwe. Mwezi wa Juni 2020 alipewa nishani na Rais Uhuru Kenyatta.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Nairobi. Richard Turere wa Kitengela, kando ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakija usiku kuwaua. Kwanza alijaribu moto, haukufaa kitu. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliogopa, wa pili wakaizoea. Usiku mwingine akiwa anatembea na tochi aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Basi akachukua betri kuukuu ya gari, kibao cha umeme wa jua na kifaa cha taa za pikipiki, akaunda taa zinazowaka na kuzimika zenyewe kuzunguka boma. Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza habari hiyo mbele ya watu wengi.

Watoto hawa hawakuwa na maabara. Walikuwa na mambo matatu tu: kutazama kwa makini, kujiuliza swali, na kujaribu tena baada ya kushindwa. Mambo hayo matatu ndiyo sayansi yenyewe, nayo hayauzwi dukani. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu tangu mtaala wa umilisi ulipoenezwa shuleni mwaka 2019 wazazi wengi wamelalamika kwamba vifaa vya kazi za mikono vinawagharimu fedha nyingi. Kazi tano zilizoelezwa hapa chini hutumia vitu vinavyookotwa au vilivyomo nyumbani. Kinachotakiwa kununuliwa, kwa mtoto asiyekuwa nacho, ni daftari na kalamu.

KIVULI CHA KIJITI

Mtoto atafute kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita moja, akisimamishe wima mahali penye jua. Kama ardhi ni ngumu, akisimamishe katika mkebe uliojaa mchanga. Ili kujua kama kijiti kimesimama sawasawa, afunge jiwe dogo kwenye uzi na kuutundika karibu nacho, kama fundi mwashi afanyavyo kwa timazi. Kisha, tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kila baada ya nusu saa aweke kokoto penye ncha ya kivuli, na kuandika saa na urefu wake.

Ataona kwamba kivuli hupungua, kisha huanza tena kurefuka. Kilipo kifupi kuliko vyote, ndipo kinapolala sawasawa kati ya kaskazini na kusini. Hivyo mtoto amepata dira bila ya kununua dira. Lakini atashangaa kuona kwamba kivuli kifupi hakiji saa sita kamili, bali karibu na saa sita na nusu. Saa yake haikukosea. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45, ambao hupita karibu na Mogadishu, na Nairobi iko mbali upande wa magharibi, karibu na mstari wa 37. Jua huchukua dakika nne kupita kila mstari mmoja, kwa hiyo hufika Nairobi likiwa limechelewa kwa nusu saa hivi. Ndiyo sababu pia watu wa pwani huona jua likichomoza kabla ya watu wa Nairobi.

Liko jambo jingine la ajabu. Tarehe 1 Agosti kivuli cha mchana cha kijiti cha mita moja huwa na urefu wa sentimita 35 hivi, nacho huelekea kusini. Mwisho wa mwezi huo huo huwa kimebaki nusu tu, karibu sentimita 17. Tarehe 22 Desemba kivuli huwa karibu sentimita 40, lakini sasa huelekea kaskazini! Sababu ni kwamba Nairobi iko karibu sana na ikweta, na jua hupita juu ya vichwa vya watu wake mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na kuelekea mwisho wa Septemba. Mtoto wa London hawezi kuyaona hayo. Kwake kivuli cha mchana huelekea kaskazini mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto wa Gatina ana kitu cha kumwonyesha mwenziwe wa Ulaya.

Mwezi wa Agosti mawingu hulifunika jua la Nairobi siku nyingi. Mtoto asikate tamaa. Siku isiyo na jua aandike katika daftari, «Leo mawingu», kwa maana hiyo nayo ni habari ya kweli.

KUPIMA MVUA

Kazi hii yafaa likizo ya Aprili, wakati wa masika, au Novemba, wakati wa vuli. Karibu na Gatina, huko Dagoretti Corner, ndiko yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na wapimaji wa huko huiandika mvua kila siku. Mtoto naye aweza kuwa mpimaji.

Achukue chupa kubwa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, na mtu mzima amsaidie kuikata sehemu ya juu. Ndani atie kokoto chache ili chupa isiangushwe na upepo, kisha amimine maji mpaka yazifunike kokoto na kufika pale ubavu unapoanza kunyooka. Hapo atie alama. Hiyo ndiyo sifuri. Kile kipande cha juu akipindue na kukiweka mdomoni kama faneli. Chupa iwekwe mahali palipo wazi, mbali na michirizi ya paa. Kila siku saa tatu asubuhi apime kwa rula maji yamepanda milimita ngapi juu ya alama, aandike, kisha amwage yaliyozidi.

Watu wengi husikia redioni kwamba mvua ya milimita kadhaa imenyesha, wasijue maana yake. Maana yake ni rahisi: milimita moja ya mvua ikianguka mahali penye upana wa mita moja na urefu wa mita moja huwa lita moja ya maji. Basi mtoto na apime paa la nyumba yao. Kama bati ni la mita tatu kwa mita tatu, hizo ni mita za mraba tisa. Mvua ya milimita 10 huangusha juu yake lita 90, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20. Mama anayenunua maji kila siku kwa mtungi atavutwa sana na hesabu hiyo, na huenda baba akatafuta mfereji wa bati na pipa. Maji hayo yafaa kufulia na kuoshea nyumba. Ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi na uchafu wa paa.

CHUJIO LA MAJI

Mtoto akate kitako cha chupa ya plastiki, kwa msaada wa mtu mzima, na kuisimamisha mdomo ukiwa chini. Mdomoni afunge kitambaa safi. Kisha atie tabaka moja moja: kwanza makaa ya kawaida yaliyopondwa na kuoshwa, halafu mchanga laini, halafu mchanga wa chembe kubwa, na juu kabisa kokoto. Amimine maji yenye matope polepole, na kukinga chini kwa kikombe. Maji yatatoka yakiwa meupe zaidi kuliko yalivyoingia. Ajaribu tena bila mchanga, kisha bila makaa, apate kujua kazi ya kila tabaka.

Hapa pana fundisho kubwa kuliko chujio lenyewe. Maji yaliyochujwa hivyo YASINYWEWE. Mchanga umezuia matope, lakini vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo ni vidogo mno, navyo hupita katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Maji meupe si lazima yawe maji salama. Mtoto akilifahamu jambo hili moja, hata akilisahau chujio, likizo yake haikupotea bure. Ya kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Iko pia njia ya jua: maji yasiyo na matope hutiwa katika chupa ya plastiki nyeupe ionyeshayo ndani, isiyozidi lita mbili, na kulazwa juani saa sita nzima, au siku mbili mbingu zikiwa na mawingu. Miale ya jua huwaua vijidudu. Njia hiyo ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996: wale waliokunywa maji yaliyowekwa juani waliugua kuhara kwa uchache kuliko wenzao.

GARI LA WAYA

Hakuna mtoto asiyependa gari, na wengi hujua kuliunda bila kufundishwa. Mwili wake huwa ni waya au mkebe, ekseli ni kijiti au msumari, na magurudumu ni vifuniko vya chupa au vipande vya ndara kuukuu. Lakini mchezo huu waweza kugeuzwa kuwa somo. Mtoto aegemeze ubao juu ya matofali mawili, aliache gari liteleze bila kulisukuma, na kupima limefika wapi sakafuni. Afanye hivyo mara tatu, kwa kuwa kipimo kimoja chaweza kudanganya. Kisha atandike gunia pale chini na kurudia; halafu amwage mchanga. Ataona kwamba safari hufupishwa na msuguano, yaani ule ukwaruzano wa gurudumu na kitu linachokanyaga. Tena apakie mawe madogo, abadilishe magurudumu, aongeze tofali moja. Jambo moja tu libadilishwe kwa kila jaribio. Akibadilisha mawili kwa pamoja hatajua ni lipi lililoleta tofauti.

Mwenye kudhani kwamba huo ni mchezo wa bure na asikilize habari ya Kiwayu, kisiwa cha Lamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Julie Church, aliyekuwa akishughulika na hifadhi ya bahari huko, aliwaona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndara zilizoletwa ufuoni na mawimbi. Akina mama wakatiwa moyo kuziokota, kuziosha na kuzichonga. Kutokana na mchezo huo ilizaliwa karakana ya Ocean Sole, ambayo mafundi wake jijini Nairobi wamechonga simba, twiga na kasa wa rangi nyingi na kuwauza mpaka ng'ambo. Na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaofua masanduku, majiko na mikokoteni, nao kazi yao ni ile ile ya kupima, kukata na kuunganisha.

BUSTANI YA GUNIA

Katika Gatina shamba halipo, lakini gunia lipo. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilieneza bustani za magunia huko Kibera, mwendo mfupi tu kutoka Kawangware, na familia nyingi zikapata mboga mlangoni pao.

Kazi yenyewe ni hivi. Gunia lisimamishwe, na katikati yake uwekwe mkebe mkubwa usio na kitako. Ndani ya mkebe utiwe mawe, na kuuzunguka utiwe udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kisha mkebe uvutwe juu, mawe yabaki, na kazi irudiwe mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji. Bila hiyo mimea ya chini hukauka na ya juu huoza. Ubavuni mwa gunia yatobolewe matundu, na katika kila tundu ipandwe miche ya sukuma wiki. Kabla ya likizo ndefu kwisha, majani ya kwanza huweza kuchumwa.

Mtoto ahesabu majani kila Jumamosi, ya upande uonao jua na ya upande wa kivuli, na kuyaandika katika safu mbili. Baada ya wiki kadhaa tarakimu zenyewe zitamwambia mmea hula nini. Wala asilime peke yake. Jirani akiona mboga, naye atatafuta gunia.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Vifaa visitafutwe katika majalala, ambako huwa na vigae na sindano, wala katika mitaro ya maji machafu. Betri kuukuu zisipasuliwe, kwa kuwa ndani yake mna sumu. Anayerusha tiara akae mbali na nyaya za umeme, na ikinaswa asiifuate wala kuivuta. Wembe na kisu vishikwe na mtu mzima. Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa; hewa yake huua bila harufu. Na chupa ya kupimia mvua isiachwe na maji siku nyingi, kwani mbu hupenda kutaga humo.

KAZI YA MZAZI

Yawezekana mzazi atasema, «Mimi mwenyewe sikusoma; nitamfundishaje?» Jibu ni kwamba hatakiwi kufundisha. Atakiwa kuuliza. Arudipo jioni, ingawa amechoka, amwambie mtoto afungue daftari, na kumwuliza maswali matatu: Leo umeona nini? Unadhani sababu yake ni nini? Utajuaje kama ni kweli? Dakika kumi zatosha. Mtoto akijua kwamba ataulizwa, mchana atafanya kazi kwa bidii. Asipoulizwa, daftari litaishia kuwashia jiko.

Na mtoto wa kike asisahauliwe. Mara nyingi likizo yake huishia katika vyombo, nguo na kumbeba mdogo wake, huku kaka yake akicheza na waya. Kazi za nyumbani na zigawanywe, ili naye apate saa yake ya kijiti na ya chupa. Mvua humnyeshea msichana kama inavyomnyeshea mvulana, na hesabu yake ni ile ile.

Likizo itakapokaribia kwisha, wazazi wa ploti moja wawakusanye watoto jioni moja, kila mmoja aonyeshe alichotengeneza na kusoma alichoandika. Asisifiwe mwenye gari zuri tu, asifiwe pia yule aliyeandika, «Nilijaribu mara nne, haikuwezekana, na sababu nadhani ni hii.» Huyo ndiye aliye katika njia ya Turere, aliyeshindwa kwa moto na kwa sanamu kabla ya kushinda kwa taa.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Gari la waya litavunjika na sukuma wiki itapikwa. Lakini mtoto aliyezoea kupima kabla ya kusema, na kujaribu kabla ya kuamini, atarudi shuleni na kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya.